Hannah Glasse (1708–1770): Mwandishi wa Upishi Aliyenyimwa Jina Lake

Utangulizi

Taaluma ya fasihi imezoea kuwatafuta watunzi wake katika ushairi, riwaya na tamthilia. Kitabu cha upishi hakitajwi katika orodha hiyo. Huwekwa jikoni, hurukiwa na unga na mafuta, kurasa zake huchakaa, na jina la aliyekiandika husahaulika mapema kuliko jina la chakula alichokieleza. Hata hivyo, kitabu cha aina hiyo ni matini kama matini nyinginezo: kina msemaji, kina hadhira, na kina sajili iliyoteuliwa kwa makusudi.

Maisha ya Hannah Glasse, Mwingereza wa karne ya 18, yanalithibitisha hilo. Mwanamke huyu alitunga kitabu kilichotumiwa kwa takriban karne nzima pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Ajabu ni kwamba kwa muda mrefu walikuwapo wasomi walioamini kuwa si yeye aliyekiandika. Sehemu ya shaka hiyo ilitokana na yeye mwenyewe kutolitia jina lake katika toleo la kwanza. Sehemu kubwa zaidi ilitokana na taasubi ya kiume iliyoshikilia kwamba mwanamke hawezi kuandika kitabu kizuri, hata kiwe kinahusu kazi ambayo jamii ilimwachia yeye. Kuyafuatilia maisha yake, kwa hiyo, ni kuuliza swali linalomhusu kila mhakiki: ni nani anayestahili kuitwa mwandishi?

Kuzaliwa na Malezi

Hannah alizaliwa jijini London na kubatizwa tarehe 28 Machi 1708 katika kanisa la St Andrew, Holborn. Baba yake, Isaac Allgood, alikuwa mmiliki wa ardhi kutoka Hexham katika jimbo la Northumberland, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake, Hannah Reynolds, alikuwa mjane ambaye hakuwa mke wa Isaac. Isaac alikuwa na mke wa ndoa, binti ya mfanyabiashara wa mvinyo wa London. Hannah alikuwa basi mwana wa nje ya ndoa, katika jamii ambayo hali hiyo ilikuwa doa lisilofutika kwa urahisi.

Hata hivyo, alilelewa Hexham nyumbani mwa baba yake pamoja na watoto wa halali. Mmoja wao, Lancelot Allgood, alikuja kuwa mbunge wa Northumberland na kupewa cheo cha heshima. Kutokana na malezi hayo Hannah alijua kusoma na kuandika vyema, na aliiona kwa karibu nyumba ya wenye mali: meza yake, ghala yake na watumishi wake. Wakati uo huo alijua kwamba nafasi yake humo ilitegemea hisani. Kwa hakika alisimama mlangoni, kati ya sebule ya matajiri na jiko la watumishi, akizielewa lugha za pande zote mbili. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuja kukizaa kitabu chake.

Habari nyingi za ujana wake zimehifadhiwa katika barua alizomwandikia shangazi yake, Margaret Widdrington, dada yake Isaac. Katika barua hizo Hannah anamzungumzia mama yake mzazi kwa uchungu mwingi, huku akimwandikia shangazi kama mtoto anayemwandikia mlezi wake wa kweli.

Ndoa ya Siri na Miaka ya Kuhangaika

Mnamo Agosti 1724, akiwa na umri wa miaka 16, Hannah alifunga ndoa ya siri huko Leyton na John Glasse, askari wa Kiairishi aliyekuwa akilipwa nusu mshahara. Jamaa zake walipata habari baada ya mambo kuwa yamekwisha. Bwana harusi hakuwa na mali, na kwa muda wote wa ndoa yao fedha zilikuwa haba.

Kuanzia mwaka 1728 wanandoa hao walikuwa katika jimbo la Essex, wakifanya kazi katika nyumba ya kabaila mmoja, Mwadhama wa Donegall, huko Broomfield. Baada ya miaka michache walirejea London na kuishi katika mtaa wa Greville. Hannah alizaa watoto wapatao kumi, na watano kati yao walikufa wangali wadogo. Katika barua zake anaonekana mama anayejishughulisha na masomo ya watoto, kodi ya nyumba na afya ya familia kwa pamoja. Alijaribu biashara ya kuuza dawa ya chupa iliyosifika wakati huo, lakini haikumpa faida ya kutosha. Ndipo alipoligeukia wazo la kuandika kitabu. Katika mojawapo ya barua alimpasha shangazi yake habari kwamba kazi ilikuwa tayari kwa mpiga chapa na kwamba watu walikuwa wakiipenda.

Kitabu na Lugha Yake

The Art of Cookery Made Plain and Easy kilichapishwa London mwaka 1747. Anwani yenyewe yatangaza azma ya mwandishi, yaani kuieleza sanaa ya upishi kwa njia iliyo wazi na nyepesi. Gharama za uchapishaji zilipunguzwa na wasomaji takriban 200 waliojiandikisha na kulipia nakala zao mapema. Kitabu kiliuzwa katika duka la vyombo vya kaure, karibu na bidhaa ambazo wenye kusimamia nyumba walifika kuzinunua. Nakala isiyojalidiwa iliuzwa kwa shilingi 3 za Kiingereza, na iliyojalidiwa kwa shilingi 5. Kwenye ukurasa wa mbele palielezwa tu kwamba mwandishi ni bibi fulani.

Ubora wa kitabu hiki umo katika hadhira kilichojichagulia. Vitabu vingi vya upishi vya wakati huo viliandikwa na wapishi wa makasri, wanaume waliojivunia kuwapikia wafalme na makabaila, na lugha yao ilijaa istilahi za Kifaransa. Msomaji wao alipaswa kuwa mpishi tayari kabla ya kuwaelewa. Glasse aliikataa desturi hiyo katika dibaji yake. Anaeleza kwamba analenga kuwafunza watumishi, na kwamba hataandika kwa mtindo wa kifahari kwa sababu watumishi hao hawautumii. Anatoa mfano wa ndege anayechomekwa vipande vya mafuta ya nguruwe kabla ya kuokwa. Mpishi wa kasri angetumia neno la Kifaransa kuvitaja vipande hivyo, na mtumishi angebaki ameduwaa. Akiambiwa achukue vipande vidogo vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, anajua mara moja la kufanya.

Huu ni uamuzi wa kimtindo wenye uzito. Glasse alitambua kwamba ugumu wa maelekezo haukuwa katika upishi bali katika lugha, na kwamba lugha hiyo ilimfungia mtumishi nje ya maarifa ya kazi aliyokuwa akiifanya kila siku. Sentensi zake ni za amri, fupi na zenye kufuatana kama hatua za mikono: osha, kata, tia, koroga, funika. Vipimo vyake navyo vinatokana na vitu vilivyokuwa karibu na mpishi. Kiasi cha kiungo, kwa mfano, hupimwa kwa kile kinachoweza kukaa juu ya sarafu ya peni sita. Watumishi waliojua kusoma waliweza kujisomea, na wasiojua waliweza kusomewa wakaelewa, kwa sababu lugha hiyo ilikuwa karibu sana na mazungumzo.

Dibaji hiyo pia ina kejeli kali. Glasse anawakemea mabibi wenye mali wanaodanganywa na wapishi wa Kifaransa ilhali Waingereza hodari wapo. Anasimulia habari za mpishi mmoja aliyetumia pauni 6 za siagi kukaanga mayai 12, ilhali nusu pauni ingetosha. Sura ya tatu imepewa anwani inayomwalika msomaji aisome ili aone mwenyewe jinsi mchuzi wa mpishi wa Kifaransa ulivyo ghali. Pamoja na kejeli hiyo, maelekezo ya mapishi ya Kifaransa hayakosekani kitabuni. Mwandishi alijua kwamba wasomaji wake waliyacheka na kuyatamani kwa wakati mmoja.

Upeo wa kitabu ni mpana. Mna sura ya chakula cha wagonjwa na sura mahususi kwa manahodha wa meli wanaohitaji vyakula visivyoharibika safarini. Muhimu kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba mna pia kitoweo alichokiita cha namna ya Kihindi, kinachohesabiwa kuwa miongoni mwa maelekezo ya kwanza kabisa ya mchuzi wa bizari kuchapishwa kwa Kiingereza. Katika toleo la mwaka 1747 viungo vyake vikuu ni pilipili manga na mbegu za giligilani, au dania kama ijulikanavyo Kenya, ambazo mpishi anaagizwa azikaange juu ya beleshi safi kabla ya kuzitwanga. Tangawizi na manjano viliongezwa katika matoleo ya baadaye. Kadhalika mna pilau, iliyotiwa karafuu, basibasi na pilipili manga, kisha ikaandamana na kuku na kipande cha nyama ya nguruwe! Mpishi wa Lamu au Mombasa, aliyeirithi pilau kutokana na utamaduni uo huo wa Bahari ya Hindi, angeshangaa kuiona katika hali hiyo. Lakini ndivyo chakula kisafirivyo: hufika ugenini kimevaa mavazi ya wenyeji.

Suala la Kunakili

Haki ya mwandishi haitetewi kwa kuficha udhaifu wake. Toleo la kwanza lina maelekezo 972 ya mapishi. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1980, hasa na Jennifer Stead, umebainisha kwamba 342 kati ya hayo yalinakiliwa au kugeuzwa kutoka vitabu vilivyotangulia, kikiwemo The Whole Duty of a Woman cha mwaka 1737. Hivyo, zaidi ya theluthi moja ya kitabu si ubunifu wake.

Kwa mujibu wa desturi za wakati ule, waandishi wa upishi walichukuliana maelekezo bila kutajana, na Glasse naye alinakiliwa na waliomfuata. Hilo halimwondolei lawama yote, lakini linamweka miongoni mwa wenzake. La maana kwa mhakiki ni kuangalia alichokifanya na matini alizozichukua. Mara nyingi alizipunguza maneno, akaupanga upya mfuatano wa kazi, akaongeza maonyo yanayotokana na mtu aliyewahi kusimama mbele ya moto. Mwingilianomatini wa namna hiyo una thamani yake: pishi lilikuwapo, ila halikuwa limepata kusemwa kwa lugha ambayo mtumishi angeielewa.

Sindano, Deni na Gereza

Mwaka uo huo wa 1747 uliomletea Hannah kitabu ulimletea pia ujane. John Glasse alifariki na kuzikwa Broomfield mwezi Juni. Mjane akafungua duka la kushona mavazi ya wanawake katika mtaa wa Tavistock, Covent Garden, akisaidiana na binti yake mkubwa, Margaret. Mambo yalinyooka kwa kasi. Wateja wa tabaka la juu walimiminika, na akapata heshima ya kumshonea Binti Mfalme wa Wales, Augusta. Katika toleo la nne la kitabu, la mwaka 1751, tangazo la duka hilo lilichapishwa likiwa na jina lake kamili. Yamkini bibi asiye na jina alikuwa amejifunua. Lakini alijifunua kama mshonaji, na wengi hawakuunganisha sindano na mwiko.

Wateja wakubwa walikuwa na desturi ya kuchukua nguo leo na kulipa kesho isiyofika. Mnamo mwaka 1754 Hannah alitangazwa kuwa amefilisika, akidaiwa pauni 10,000, fedha nyingi mno kwa zama hizo. Bidhaa za dukani ziliokoka kwa kuwa ziliandikishwa kwa jina la Margaret. Kitabu hakikuokoka. Tarehe 29 Oktoba 1754 hakimiliki yake iliuzwa kwa mnada na kuangukia mikononi mwa kundi la wauzaji vitabu. Toka siku hiyo, kazi iliyotokana na usiku wake mwingi ilianza kuwatajirisha watu wengine.

Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa, lakini mjane huyo hakuwa na dawa hiyo. Aliondolewa hali ya ufilisi mwaka 1755, kisha akazama tena. Mwezi Juni 1757 alitiwa katika gereza la wadeni la Marshalsea, na mwezi uliofuata akahamishiwa gereza la Fleet. Kabla ya mwaka huo kumalizika alikuwa huru, naye alikuwa ameanza kusajili kitabu kipya, The Servants' Directory, cha maelekezo ya kazi za watumishi wa nyumbani. Miaka michache baadaye alitoa The Compleat Confectioner, kuhusu vyakula vitamu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hata hivyo, hakuna kati ya vitabu hivi viwili kilichofikia umaarufu wa kile cha kwanza. Hannah Glasse alifariki tarehe 1 Septemba 1770, akiwa na umri wa miaka 62.

Mzozo wa Jina

Mashambulizi dhidi yake yalianza angali hai. Mnamo mwaka 1754, mwaka ule ule wa mnada, Ann Cook alichapisha Professed Cookery mjini Newcastle. Humo aliyachambua maelekezo ya Glasse moja baada ya jingine kwa dhihaka na hasira. Chimbuko la hasira hiyo lilikuwa Hexham, ambako Ann na mumewe walikuwa wenye nyumba ya wageni na walikuwa wamegombana vikali na Lancelot Allgood. Ann hakuwa na uwezo wa kumfikia bwana huyo mkubwa, akaielekeza kalamu yake kwa dada wa kambo. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Pigo zito zaidi lilikuja baada ya kifo chake. Mwezi Aprili 1778, katika karamu moja ya chakula London, mwenyeji, Charles Dilly, aliyekuwa muuzaji vitabu, alidai kwamba kitabu cha Bi Glasse kiliandikwa na John Hill, daktari na mtaalamu wa mimea aliyejulikana kwa kuandika mambo ya kila namna. Mezani alikuwapo Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri. Johnson alilitilia shaka dai hilo kwa hoja ya kitaalamu: kitabu kinaichukulia shura na shura iliyounguzwa kwa makaa kuwa vitu viwili tofauti, na mtu mwenye elimu ya Hill asingekosea hivyo. Hata hivyo, hakumrudishia mwanamke haki yake. Alijigamba kuwa yeye mwenyewe angeweza kuandika kitabu cha upishi kilicho bora kuliko vyote, na akahitimisha kwamba wanawake huweza kusokota nyuzi vizuri, lakini kutunga kitabu kizuri cha upishi hawawezi. Mazungumzo hayo yaliwekwa kwenye maandishi na James Boswell na kuchapishwa mwaka 1791 katika wasifu wake wa Johnson. Kitabu cha upishi alichojigamba nacho Johnson hakikuandikwa kamwe.

Uvumi ukadumu. Ulizuka pia usemi wa mzaha kwamba Bi Glasse alimwagiza mpishi wa sungura aanze kwa kumkamata sungura mwenyewe. Kitabuni hamna maneno hayo. Maelekezo yake yanaanza na sungura aliyekwisha kuchunwa. Basi ikawa maneno ambayo hakuyasema yanabandikwa jina lake, na kitabu alichokiandika kinabanduliwa jina hilo.

Haki ilipatikana mwaka 1938, miaka 168 baada ya kifo chake. Mwanahistoria Madeleine Hope Dodds alizilinganisha kumbukumbu za ukoo wa Allgood na habari za kitabu, akathibitisha kwamba mwandishi ni Hannah Glasse, binti ya Isaac Allgood wa Hexham. Fumbo ambalo wanaume wenye elimu walilitatua mezani kwa kukisia, mwanamke mtafiti alilitatua kwa kusoma nyaraka.

Athari Zake

Kitabu cha Glasse kiliendelea kuchapishwa hadi mwaka 1843, kikiwa na matoleo yasiyopungua 40, mengi yakiwa ya wizi. Kilivuka bahari na kutumika katika makoloni ya Marekani, na nakala zake zilikuwa mikononi mwa watu kama George Washington, Thomas Jefferson na Benjamin Franklin. Mwaka 1805 kilichapishwa Alexandria, Virginia, kikiwa kimeongezewa mapishi ya mahindi ili kikidhi mahitaji ya wenyeji. Taifa lililoukataa utawala wa Uingereza halikukikataa chakula chake, wala mwalimu wake wa jikoni.

Katika lugha, athari yake ni pana zaidi kuliko hesabu ya matoleo. Mwandishi wa leo anayemweleza msomaji asiye bingwa hatua za kazi kwa maneno mepesi anatembea katika njia ambayo Glasse alishiriki kuifyeka. Tarehe 28 Machi 2018, miaka 310 baada ya kubatizwa kwake, mtambo wa Google ulimkumbuka kwa mchoro maalumu.

Hitimisho

Hannah Glasse hakuwa malaika wala gwiji asiye na dosari. Alinakili kazi za watu, alifilisika, na alifungwa. Lakini aliona jambo ambalo waliomtangulia hawakuliona: kwamba aliyeshika mwiko ana haki ya kuandikiwa kwa lugha yake. Kwa kuteremka hadi kwenye lugha ya jikoni alipata wasomaji wengi kuliko wapishi wa wafalme, na kwa sababu iyo hiyo wenye elimu hawakumhesabu kuwa mwandishi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, funzo hili li karibu. Maarifa mengi ya jikoni, ya uzazi, ya tiba na ya malezi katika jamii zetu yamo vinywani mwa wanawake ambao majina yao hayajaandikwa popote, na yanapochapishwa huenda yakabeba jina la aliyeyakusanya peke yake. Glasse aliokolewa na barua zilizotunzwa pamoja na mtafiti aliyejitolea kuzisoma. Wasio na barua wanamhitaji mtafiti atakayewaendea wangali hai, awaulize wanayoyajua, kisha aandike majina yao.